Karatasi ya Rubani: Habari za Kuwasha Injini za Ndege za Zamani

  Fungueni madaftari yenu na mshike kalamu, maana mwisho wa somo nitawapa kazi ya kuandika.

Leo nataka kuwaeleza habari za mtu aketiye nyumbani kwake, mbele ya meza, akiwasha injini za ndege kubwa ya abiria. Msicheke. Ndege yenyewe haipo pale. Imo ndani ya kompyuta, nayo huonekana katika kioo kama vile picha ya sinema. Walakini mtu huyu ameweka karatasi pembeni. Husoma mstari mmoja, akatenda. Kisha husoma mstari wa pili, akatenda. Dakika nyingi hupita kabla ndege haijasogea hata hatua moja. Ukimwuliza, "Bwana, mbona wajisumbua hivi, na huu ni mchezo tu?" atakujibu ya kuwa injini hizi hazikubali kuwashwa vingine.

Kwa nini hazikubali? Na ile karatasi ilitoka wapi? Hayo ndiyo maswali yetu mawili ya leo. La pili lina habari ya msiba ndani yake, kwa hiyo lisikilizeni vizuri.

1. NDEGE ZENYEWE

Ndege kubwa za siku hizi huenda kwa injini za jeti. Lakini zamani ndege zote za abiria zilivutwa na rafadha, yaani yale mapanga yazungukayo mbele ya injini.

Wazee wetu wa Afrika Mashariki walizijua vizuri. Shirika la ndege la East African Airways lilianzishwa mwaka 1946, likazitumikia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja mpaka lilipovunjika mwaka 1977. Miongoni mwa ndege zake zilikuwamo Dakota, ambazo waundaji wake, kampuni ya Douglas ya Marekani, waliziita DC-3. Ndege ya kwanza ya aina hiyo iliruka tarehe 17 Desemba 1935 huko California. Ilikuwa na injini mbili. Mtu aliyekaa karibu na kiwanja cha ndege siku zile aweza kukuambia ilivyokuwa injini ya Dakota ikiwashwa: kwanza hukohoa, kisha hutoa wingu la moshi, halafu hunguruma.

Baada ya Dakota kampuni hiyohiyo iliunda ndege kubwa zaidi iitwayo DC-6, ambayo iliruka mara ya kwanza tarehe 15 Februari 1946. Ndege hii ndiyo tutakayoitazama leo, kwa kuwa inapendwa sana na watu wa kompyuta. Ilikuwa na injini nne. Kila injini ilikuwa na silinda 18, zimepangwa kwa duara kama spoki za gurudumu la baiskeli, safu mbili, tisa mbele na tisa nyuma.

Tufanye hesabu kidogo. Motokaa ya kawaida ina silinda nne. DC-6 ilikuwa na injini nne zenye silinda 18 kila moja. Nne mara 18 ni 72. Tena kila silinda ilikuwa na plagi mbili za kutoa cheche, basi plagi zote zilikuwa 144. Kila silinda na kila plagi ilitaka kutunzwa. Ndiyo maana mbele ya ndege walikaa watu watatu: rubani, rubani wa pili, na injinia wa ndege.

Kisha zikaja jeti. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Kiingereza iitwayo Comet ilianza safari ya kwanza ya jeti ya kuchukua abiria wa kulipa, kutoka London kwenda Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe, Uganda. Miaka michache baadaye jeti za Marekani nazo zikaanza kazi. DC-6 zikaondolewa katika safari kubwa za abiria, nyingi zikawa za kuchukua mizigo. Watu waliojua kuziwasha wakazeeka. Elimu yao ingeweza kwenda nao kaburini.

2. KWA NINI HAZIWASHWI KWA HARAKA

Kabla ya kuieleza injini, nitawaeleza karabai, maana wengi wenu mnaijua. Wavuvi wa dagaa wameitumia miaka mingi ziwani usiku. Huwezi kuitia karabai kiberiti kama unavyowasha kibatari. Kwanza unatia spiriti katika kikombe chake na kuiwasha, upate kuipasha moto. Unangoja. Ikishapata moto ndipo unapopiga pampu. Ukipiga pampu kabla haijapata moto, mafuta ya taa hutoka mabichi na ndimi za moto hupanda juu. Mafuta ni yaleyale na taa ni ileile. Kosa ni kutanguliza jambo ambalo lilikuwa lifuate.

Injini ya DC-6 ina tabia hiyohiyo. Sasa tufuate hatua zake.

Hatua ya kwanza. Mtu husimama chini, nje ya ndege, na chombo cha kuzimia moto. Injini huhesabiwa kutoka kushoto kwa rubani kwenda kulia kwake: moja, mbili, tatu, nne. Mara nyingi ya tatu ndiyo huwashwa kwanza. Hiyo iko upande wa kulia, nao mlango wa abiria uko upande wa kushoto.

Hatua ya pili. Nyenzo huwekwa mahali pake. Kuna wenzo wa mchanganyiko, ambao hupima petroli iendayo kuchanganyika na hewa. Huo hufungwa kabisa. Kuna wenzo wa nguvu. Huo hufunguliwa kidogo tu. Kuna wenzo wa rafadha. Huo husukumwa mbele mpaka mwisho. Na vile vilango vidogo vilivyoizunguka injini hufunguliwa vyote, kwa sababu injini hii haina maji ya kuipoza kama motokaa. Hupozwa na upepo.

Hatua ya tatu. Starta huizungusha injini, lakini plagi bado hazijapewa umeme. Mapanga ya rafadha yanapita polepole mbele ya dirisha, na rubani anayahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Maelekezo mengine hutaka zaidi ya sita. Mtu asiyejua husema huku ni kupoteza wakati. Sivyo. Kumbukeni ya kuwa silinda zimepangwa kwa duara, kwa hiyo nyingine zimeelekea chini. Ndege ikilala usiku, oili hudondoka polepole na kujaa katika silinda za chini. Hewa waweza kuigandamiza ikabonyea, lakini oili haibonyei. Injini ikiwashwa kwa nguvu huku oili imejaa, pistoni hugonga oili kama inagonga jiwe, na chuma kiishikacho pistoni hupinda au hukatika. Ukihesabu mapanga taratibu, utaona kama rafadha inazunguka vyema au inakwama. Ikikwama, unaacha mara moja na kuita fundi.

Hatua ya nne. Mapanga yakishahesabiwa, plagi hupewa umeme, na hapohapo petroli kidogo hupulizwa ndani ya injini kwa kubonyeza kitufe. Petroli hii ni ya kuamshia tu, kama ile spiriti ya karabai. Starta bado inazunguka, kwa hiyo vidole hushika vitufe viwili au vitatu kwa pamoja.

Hatua ya tano. Silinda moja hushika moto, kisha ya pili, halafu nyingine. Injini inakohoa na kutoa moshi. Hapa ndipo wengi hukosea. Kidole kisiondolewe upesi kwenye kitufe cha petroli. Injini inaishi kwa petroli hiyo mpaka itulie. Ikishatulia, wenzo wa mchanganyiko hufunguliwa, injini ipate chakula chake cha kawaida, na ndipo kitufe kinapoachwa. Ukiufungua wenzo mapema mno, petroli hufurika, nayo yaweza kuwaka mahali isipotakiwa. Ukikiacha kitufe kabla ya kuufungua wenzo, injini hufa njaa.

Hatua ya sita. Macho huenda kwenye geji ya oili. Kama nguvu ya oili haikupanda kabla ya nusu dakika kwisha, injini huzimwa mara moja. Vyuma vikisuguana bila oili huharibika upesi sana.

Hatua ya saba ni kungoja. Injini huachwa izunguke polepole mpaka oili ipate joto la nyuzi 40 za Sentigredi. Hata ukiwa na haraka namna gani, huipandishi nguvu kabla ya hapo.

Hiyo ni injini moja. Zimebaki tatu.

Mimi mwenyewe nilipojaribu mara ya kwanza, niliiweka karatasi kando. Nilikuwa nimeisoma jana yake, nikajiambia naikumbuka yote. Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Nikarudia, ikazima tena. Mara ya tatu nikaishika karatasi na kuisoma mstari kwa mstari, nikaona kosa langu: kidole nilikiondoa kwanza, ndipo nikaufungua wenzo. Nilikuwa nimeigeuza hatua moja tu. Bahati yangu kompyuta haina moto wala haivunji chuma. Nilianza upya.

3. KARATASI ILITOKA WAPI

Sasa tulijibu swali la pili.

Tarehe 30 Oktoba 1935, katika kiwanja cha Wright Field karibu na mji wa Dayton, Marekani, jeshi lilikuwa likiijaribu ndege mpya ya kampuni ya Boeing. Jina lake lilikuwa Model 299, na ilikuwa na injini nne. Siku zile ndege ya namna hiyo ilikuwa jambo geni. Aliyeirusha ni Meja Ployer Hill, mtu wa jeshi aliyezoea kazi ya kujaribu ndege. Pamoja naye alikuwamo Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing, aliyeijua ndege ile vizuri. Ndani walikuwa watu watano.

Ndege ikakimbia, ikaondoka ardhini, ikainua pua juu mno, ikasimama hewani, ikaanguka na kushika moto. Meja Hill alikufa. Tower naye alikufa baadaye kwa sababu ya majeraha. Wengine watatu walipona.

Walipochunguza, hawakuona ubovu katika injini wala katika mabawa. Ndege ile ilikuwa na kifungo cha kuyazuia mabawa madogo ya mkiani yasipigwe na upepo inapokuwa imeegeshwa. Kifungo hicho hufunguliwa kabla ya kuruka. Siku ile hakikufunguliwa. Jambo la kutenda kwa sekunde chache lilisahauliwa, na watu wawili wakafa.

Fikirini, ndugu zangu. Hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa mabingwa. Jeshi lingeweza kusema, "Tutafute marubani hodari zaidi." Lakini wangewapata wapi hodari kupita hao? Marubani wa jeshi wakaona njia nyingine. Wakaandika karatasi fupi, mambo ya kutenda yakiwa yamefuatana: kabla ya kuwasha injini, kabla ya kuruka, kabla ya kutua. Tangu hapo rubani hakutegemea kichwa chake peke yake. Ndege ile iliundwa tena, ikawa B-17, na zaidi ya 12,000 ziliundwa. Desturi ya kusoma orodha ikaenea katika ndege za jeshi na za abiria.

Katika ndege kama DC-6 mmoja husoma kwa sauti, mwenzake hutenda na kujibu. "Wenzo wa mchanganyiko?" "Umefungwa." "Vilango vya upepo?" "Vimefunguliwa." Kusoma kule hakukuwa aibu. Rubani mwenye mvi, aliyeruka miaka 20, alisomewa kila asubuhi kana kwamba ni siku yake ya kwanza.

4. NDEGE ILIVYOFIKA MEZANI

Labda mtauliza jinsi mambo haya yalivyofika katika nyumba za watu. Historia yake inaanzia katika kiwanda cha vinanda.

Katika mji wa Binghamton, Marekani, kijana mmoja, Edwin Link, alifanya kazi kwa baba yake, aliyeunda piano na vinanda vya upepo. Link alitaka kujifunza urubani, lakini masomo ya hewani yalikuwa ghali. Basi akachukua vitu alivyovijua, yaani mivukuto na mabomba ya hewa ya vinanda, akaunda kibanda kidogo kilichofanana na ndege. Mwanafunzi akiketi ndani na kuvuta wenzo, kibanda huinama na kugeuka. Alikimaliza mwaka 1929. Mwanzoni watu walikiona kuwa ni kitu cha kuchezea, kikawekwa katika viwanja vya michezo.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kuchukua barua kwa ndege. Marubani wake hawakuzoea kuruka ndani ya mawingu, na kadhaa walikufa. Ndipo jeshi liliponunua mashine sita za Link. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu ya mashine hizo zilitumika kufundishia marubani. Kitu kilichochekwa kuwa mchezo kiliokoa watu.

Kisha ikaja kompyuta. Mwaka 1975 Bruce Artwick, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliandika juu ya namna ya kuonyesha mwendo wa ndege kwa kompyuta ndogo. Programu yake ya kwanza iliuzwa miaka michache baadaye kwa kompyuta za Apple II, na mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ikatoa programu ya namna hiyo iitwayo Flight Simulator. Picha za kwanza zilikuwa mistari mitupu. Walakini miaka ilivyopita kompyuta zikapata nguvu, na watengenezaji wakarudi kwenye vitabu vya maelekezo vya ndege za zamani. Mwaka 2021 kampuni ya PMDG ilitoa DC-6 kwa programu mpya ya Microsoft. Mwaka 2022 Microsoft yenyewe ikaongeza DC-3, kwa kuadhimisha miaka 40 ya Flight Simulator.

Jambo moja lafaa lisemwe. Katika programu hizi mchezaji ana njia mbili. Aweza kubonyeza vitufe viwili tu vya kompyuta, na injini zote zikajiwasha. Hakuna atakayemlaumu. Au aweza kuchukua karatasi, akahesabu mapanga, akashika petroli, akafungua wenzo, akatazama geji. Wengi huchagua njia hii ndefu, ijapokuwa hawalipwi. Wale watatu wa DC-6 hawapo, kwa hiyo mtu mmoja hufanya kazi yao wote: husoma, hutenda, na hujijibu mwenyewe.

Hatudanganyi kusema ya kuwa kompyuta yatosha. Haina harufu ya petroli wala joto la injini. Haimpi mtu ile hofu ya kuwajibika kwa abiria walioketi nyuma. Mtu aliyewasha DC-6 mezani mara mia hajawa injinia wa ndege. Lakini mpango wa kazi ile umehifadhiwa, pamoja na sababu zake, na mtu aliyezaliwa miaka mingi baada ya ndege zile kuondolewa aweza kujifunza kwa nini mapanga yanahesabiwa.

5. MANENO YA MWISHO

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hulichukua neno hili kuwa ni la wenye maduka. Leo tumeona ya kuwa na elimu ya mikono nayo ni mali. Kila mmoja wenu ana kazi anayoijua vizuri: kuwasha karabai, kutengeneza mtego, kuchanganya dawa ya kunyunyizia kahawa, kupika chakula cha watu mia cha arusi. Mnaijua kichwani, na siku mtakayokuwa wagonjwa au mmechoka, hatua moja yaweza kusahauliwa, kama ilivyosahauliwa kule Dayton. Sasa mmejifunza kuandika. Msiseme kuandika ni kwa ajili ya barua tu.

KAZI YA DARASANI

1. Chagua kazi moja unayoijua. Iandike kwa hatua zisizozidi kumi. Kila hatua iwe mstari mmoja.
2. Chini ya kila hatua andika sababu yake. Kama huijui sababu, kamwulize mzee wa kazi hiyo.
3. Mpe mwenzako karatasi yako. Akusomee kwa sauti, nawe utende au uonyeshe kwa mikono. Akisimama kwa kutoelewa, sahihisha mstari ule.
4. Jibu: Kwa nini plagi hazipewi umeme wakati mapanga yanahesabiwa?

MANENO YA KUJIFUNZA

Rafadha: mapanga yazungukayo yanayoivuta ndege au kuisukuma meli.
Wenzo: fimbo ya kusukuma au kuvuta ili kuongoza mtambo. Wingi wake ni nyenzo.
Silinda: chumba cha chuma ambamo petroli huwaka.
Pistoni: chuma kipandacho na kushuka ndani ya silinda.
Geji: kipimo chenye mshale wa kuonyesha hali ya mtambo.
Orodha: maandishi ya mambo yaliyopangwa moja baada ya jingine.

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.